Pazia Lisilo na Dirisha

"Nataka pazia."

"Hapana."

"Hapana kivipi?"

"Hapana ya kawaida tu. Chagua mtindo mwingine."

Spika aligeuka kwenye kiti cha saluni akamtazama mchumba wake kama mtu aliyemwagiwa chai mapajani. Msusi, ndiye huyo mchumba, alikuwa amebana kitana kwa meno, mikono yake yote miwili ikiwa kichwani kwa Spika.

"Hebu rudia. Mimi ndiye ninayezunguka mji mzima juani nikilitangaza hilo pazia lako mpaka koo linakauka. Leo nalitaka mimi, unaniambia hapana?"

"Nitakusuka mistari ya kurudi nyuma. Inakupendeza."

"Sitaki inayonipendeza. Nataka pazia!"

Kwa kawaida maneno kama hayo yangeamsha benchi zima. Saluni ile ilikuwa na wanawake wa kuchekea kila kitu, hata drai ya nywele ikikohoa. Lakini mchana ule benchi lilinyamaza. Mmoja alianza kuzikagua kucha zake. Mwingine akachungulia simu iliyozimika.

Spika hakuuelewa ukimya huo, akauacha upite.

Jina la Spika alipewa na mji. Alikuwa na pikapu nyeupe yenye vipaza sauti viwili juu, na kama mtu amefungua duka, au mbuzi wa mtu amepotea, au kuna mechi, anatafutwa yeye. Aliendesha mwenyewe, akapanda juu mwenyewe kukaza nyaya. Zamani wanaume walikuwa wakisimama chini wakingoja aanguke. Walipoona haanguki, wakachoka, wakarudi kwenye shughuli zao.

Siku Msusi alipomwita mara ya kwanza kwa kazi ya tangazo, alichungulia ndani ya pikapu akauliza:

"Dereva wako yuko wapi, dada?"

"Unamtazama. Na huyo msusi aliyeniita yuko wapi?"

"Anakutazama."

Walicheka mpaka mwenye duka la jirani akatoka kuona kuna nini. Mapenzi yao yalianzia pale, kwenye kicheko kile. Kila mmoja alikuwa amechoka kuulizwa mwenye kazi yake yuko wapi.

Na sasa mambo yalikuwa yameiva. Jumapili ile posa ilikuwa inakuja nyumbani kwa bibi yake Spika. Msemaji wa upande wa bwana angekuwa kaka mkubwa wa Msusi, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Mji mzima ulimwita Kocha. Alikuwa mtu wa kucheka na watoto wa watu, wa kubeba wagonjwa kwenye gari lake, na timu yake ilikuwa haijafungwa siku nyingi. Jumamosi walikuwa na mechi kubwa, na mtangazaji wa mechi, kama kawaida, ni Spika.

Mlango wa saluni ukafunguliwa. Aliingia mke wa Kocha, ambaye kwa ajili ya watoto wake kila mtu humwita Mama Pacha. Alikuwa na miwani ya jua na mtandio ulioshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji, una nafasi? Ya haraka tu."

"Ipo, shemeji. Pita nyuma."

"Upande wa kushoto."

"Nimekuelewa."

Msusi alimwacha Spika na nusu ya kichwa, akamwongoza mke wa kaka yake nyuma ya kitambaa kilichotenga pembe ya saluni. Spika alingoja. Akakumbuka hata hajamsalimia mtu ambaye karibuni atakuwa ndugu yake. Akainuka, nywele upande huu zimesimama na upande huu zimelala, akafunua kitambaa.

"Dada yangu, unanipita kama nimekuwa stuli ya..."

Maneno yalimkatikia hapohapo.

Mtandio ulikuwa chini. Miwani ilikuwa chini. Kuanzia pembeni ya jicho la kushoto kupanda kwenye paji, ngozi ya Mama Pacha ilikuwa imevimba na kuiva, rangi ya bilinganya. Na vidole vyembamba vya Msusi vilikuwa vinasuka rasta nyembamba, moja baada ya nyingine, zikishuka polepole mbele ya uvimbe ule. Zilining'inia vizuri kabisa. Ungesema mwanamke anakwenda harusini.

"Funga kitambaa," Mama Pacha alinong'ona. "Mdogo wangu, nakuomba, funga."

Spika alifunga. Alibaki upande wa nje, ameshika nguo ile mkononi, na kwenye masikio yake alisikia sauti yake mwenyewe ikizunguka mitaani: *Pazia! Pazia! Lafunika, lapendeza! Mama, funika ya jana, ng'ara ya leo!*

Maneno yale aliyatunga yeye, tena alijisifu kwayo.

Wateja walipoisha, alimgeukia Msusi.

"Nani mwingine?"

"Usiniulize majina."

"Sijakuuliza majina. Nakuuliza, wengi?"

Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja, akajikuta anatazamana na kioo chake mwenyewe.

"Wa kwanza alikuwa yeye. Walikuwa na sherehe ya shule ya watoto, akaja hapa analia, anasema ataingiaje pale na uso ule. Nikamsuka hivyo, nywele zishuke. Nilidhani namsaidia. Wenzake wakaona mtindo umependeza, wakautaka. Wengine waliutaka kwa urembo tu. Wengine..."

"Unawajuaje?"

"Anayetaka urembo huniambia popote panapopendeza. Anayeuhitaji hutaja upande kabla hajakaa."

Spika alivuta pumzi.

"Ndiyo maana mimi ulinikatalia."

"Hukutaja upande. Sitaki ije siku utaje."

Kama si hasira, hapo angemkumbatia. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda, na haikuwa ya kumpigia mtu kelele. Ilikuwa imetulia, imekaa kitako.

"Aliyempiga ni Kocha."

Msusi alianza kuchomoa nywele kwenye meno ya kitana.

"Nakuuliza wewe, mume wangu mtarajiwa. Huyo anayekuja Jumapili kwa Bibi yangu kuahidi kwamba nitatunzwa, ndiye aliyefanya yale?"

"Ndiye aliyenilea, Spika."

"Sikukuuliza amekulea nani."

"Ndiye," alisema Msusi, na sauti yake ikawa ndogo. "Ndiye. Nimewahi kumwambia. Akacheka, akanipiga begani, akasema, 'Wewe suka, mambo ya wanaume tuachie.' Nikarudi kusuka."

"Basi mimi nitasema. Nina spika mbili na mji mzima unanisikiliza. Nimelitangaza pazia, nitalitangaza na lililo nyuma yake."

"Ukisema watajua limetoka kwangu! Hawatarudi tena. Hiki kiti ndicho mahali pekee wanapopumua. Ukikiondoa watakwenda wapi?"

Swali lile lilimkaa. Hata alipokuwa anaendesha kurudi nyumbani lilikuwa limekaa kiti cha pembeni.

Bibi alikuwa uani anachambua mchele. Alimwona mjukuu wake na kichwa nusu, wala hakuuliza.

"Kitendawili," alisema.

"Bibi, leo sina hamu."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Kina midomo miwili, mwenye maneno ni mmoja."

"Pikapu yangu. Cha wiki iliyopita hicho."

"Najua. Nataka kuona kama bado una maneno. Umekuja hapa umeuma meno."

Spika alimwaga yote. Bibi aliendelea kuchambua, kokoto zikiruka pembeni, mpaka hadithi ikaisha.

"Huyo msusi wako si mtu mbaya," alisema. "Amefanya kazi nzuri mahali pabaya. Lakini swali lake ni la kweli. Unamwambia mwenzako atoke, unamtolea wapi? Kwenye spika?"

"Sijui, Bibi."

"Chumba cha nyuma kina nini?"

"Magunia na baiskeli ya babu."

"Magunia yana miguu? Yahamishwe. Kitanda kipo, na ufunguo upo hapa kiunoni kwangu. Mpelekee huo kwanza, ndipo umpelekee maneno."

Kesho yake asubuhi Spika alimkuta Mama Pacha kwake anaanika nguo. Kocha alikuwa mazoezini. Rasta za mkewe zilikuwa zimelala usoni kwa adabu zote.

"Sikuja kukusema," Spika alianza. "Nimekuletea kitu." Akamtia ufunguo mkononi. "Ni chumba kwa Bibi yangu. Wewe na watoto. Kipo leo, kipo kesho, kipo hata usipokuja."

Mama Pacha aliugeuza ufunguo kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Na posa yako?"

"Imeingiaje?"

"Mimi nikitoka, Kocha hatakwenda. Utaikosa ndoa kwa ajili yangu."

"Dada, ndoa ikitaka wewe ubaki na jicho hilo ndipo ifungwe, si yangu hiyo."

Mama Pacha alichukua shati la mumewe kwenye beseni, akalikamua kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

"Unajua kinachoniuma zaidi? Watu wananisifu. 'Mama Pacha una bahati, mume mcheshi.' Nacheka nao. Nimecheka mpaka mashavu yananiuma." Akatazama huku na huku. "Ukisema, usinitaje."

"Sitaji jina la mtu ambaye hajanipa."

"Nikikupa nitakwambia."

Siku hiyohiyo pikapu ilitoka na tangazo jipya. Halikuwa na saluni wala rasta ndani yake. Lilikuwa na sauti ya Spika tu, taratibu, mtaa kwa mtaa:

"Kitendawili! Nyumba yangu ina pazia, dirisha haina! Mwenye jibu aje uwanjani Jumamosi, kabla ya mechi! Kitendawili!"

Mji ukashikwa na homa. Watoto walikimbia nyuma ya gari wakipiga kelele, "Tegaaa!" Fundi baiskeli akasema ni ng'ombe mwenye mkia usoni, akaulizwa ng'ombe huyo amemwona wapi. Mwenye duka la dawa akasema ni jicho na kope zake. Kinyozi akabisha, jicho lenyewe si ndilo dirisha? Wakabishana mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akaondoka na upara wa upande mmoja.

Sokoni, mama muuza nyanya alimwashiria asimame. Akasogea dirishani, rasta zimemshukia upande wa kushoto.

"Jibu ninalo," alisema kwa sauti ya chini.

"Jumamosi, mama."

"Nitakuja. Nitakaa mbele."

Jioni simu iliita. Alikuwa Kocha, na kicheko chake kilitangulia salamu.

"Shemeji mtarajiwa! Wewe ni balaa! Uwanja utajaa mpaka juu ya miti! Hebu niibie jibu, mimi si mtu wa nyumbani?"

"Jibu liko nyumbani kwako, shemeji."

"Ehe?"

"Mtazame mkeo upande wa kushoto."

Kicheko kilizimika kama redio iliyochomolewa. Kilichofuata kilikuwa sauti nyingine kabisa, ya chini, isiyo na haraka.

"Sikiliza, binti. Mwanamke wa kupanda juu ya magari unadhani anaolewa na nani? Nilimkubalia mdogo wangu kwa sababu na yeye ni nusu tu, anashinda kwenye nywele za wake za watu. Fungua mdomo wako Jumamosi, Jumapili usifagie uwanja wa nyumbani. Hakuna mtu atakayekuja."

"Nitaufagia hata hivyo. Bibi hapendi uchafu."

Kocha akakata simu. Spika alibaki ameshika usukani, akiyasikia upya maneno aliyoyasema. Kisha akampigia Mama Pacha.

"Dada, nimefanya kosa. Hasira imenitoka, nimemwambia Kocha aangalie upande wa kushoto. Yuko mazoezini bado?"

"Bado."

"Nakuja na pikapu sasa hivi. Usifungashe kitu, chukua watoto."

Mama Pacha hakuuliza la pili. Jua lilikuwa halijazama alipovuka kizingiti cha Bibi, mtoto mkono huu na mtoto mkono huu. Bibi aliwakaribisha kwa kitendawili, watoto wakasahau kuuliza baba yuko wapi.

Ujumbe wa Msusi uliingia wakiwa wanatandika kitanda:

*Kaka amekuja hapa saluni anatafuta mke wake, amevunja kioo. Amesema ukisema Jumamosi nisimwite kaka tena. Nakupenda. Naomba tungoje kidogo mambo yapoe.*

Spika alisoma, akaandika, akafuta, akaandika tena:

*Nakupenda na mimi. Wewe ngoja. Shemeji yako ameshangoja.*

Alama zikaonyesha amesoma. Jibu halikuja usiku ule, wala Ijumaa yote. Nani atakuambieni kwamba moyo haukumuuma? Ulimuuma. Alikaza nyaya za spika machozi yakimdondokea mikononi, na alipomaliza kuzikaza, hakuna hata moja iliyolegea.

Jumamosi uwanja ulifurika. Wachezaji walikuwa wanapasha miili moto. Kocha alikuwa kando ya mstari, filimbi shingoni, anapeana mikono na watu kama bwana harusi. Spika alipanda juu ya pikapu.

"Kitendawili!"

"Tegaaa!"

"Nyumba yangu ina pazia, dirisha haina!"

Majibu yakarushwa kutoka kila upande. Ng'ombe! Kope! Jeneza! Mzee mmoja akasema ndevu zake, wakacheka.

"Mmeshindwa?"

"Tumeshindwa!"

"Basi nipeni mji!"

"Chukuaaa!"

"Nimeupokea," alisema Spika, na sauti yake ikatulia. "Sasa sikilizeni jibu. Nyumba ni mwanamke aliyepigwa. Pazia ni nywele zinazoshushwa usoni asionekane. Dirisha haina, kwa sababu ndani ya nyumba hiyo hakuna anayechungulia, na sisi nje hatutaki kuchungulia. Mimi mwenyewe nimelitangaza pazia hilo mitaani mwenu. Leo nimekuja kuwatangazia kwamba..."

Sauti ikakatika.

Kocha alikuwa amesimama kwenye jenereta ya uwanja iliyolisha spika, waya mkononi.

"Mpira, jamani!" alipaza sauti akicheka. "Tumekuja kutazama mpira! Mambo ya chumbani yabaki chumbani!"

Baadhi ya wanaume walicheka naye. Wengine walitazama viatu vyao. Spika alisimama pale juu, maiki imekufa mkononi, uwanja mzima ukimwangalia. Akaiweka chini.

"Mwanamke hapigwi!" alisema kwa koo lake tupu.

"Amesemaje?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

Mama muuza nyanya, aliyekuwa mbele kama alivyoahidi, aligeuka akapiga kelele: "Amesema mwanamke hapigwi!"

"Amesema mwanamke hapigwi!" wakapokea wa katikati.

"Hapigwi!" ikafika nyuma, mpaka kwa waliokuwa ukutani.

"Si kwa chakula kilichoungua!" Spika akasema.

"Si kwa chakula kilichoungua!" Ikapita kama maji kwenye mfereji.

"Wala kwa simu! Wala kwa wivu! Wala kwa kufungwa mabao!"

"Nyamazisheni huyo!" Kocha alifoka.

"Alishapewa mji!" mzee wa ndevu akafoka naye. "Tumeutoa wenyewe! Mwache autumie!"

Hapo ndipo watu wa upande wa goli walipoanza kupisha njia. Mtu alikuwa anaingia uwanjani na kiti kichwani. Kilikuwa kiti cha saluni, kile chekundu chenye mguu mmoja wa chuma. Msusi alikitua katikati ya nyasi, akafuta jasho, akatoa kitana kwenye mfuko wa shati. Nyuma yake alikuja Mama Pacha, mtandio begani.

Spika aliinama kule juu ya pikapu aone vizuri.

"Mdogo wangu," Kocha alisema, na kicheko kilikuwa kimepotea. "Chukua takataka zako uondoke. Unaniaibisha. Mwanaume mzima, kazi yako kuchezea vichwa vya wanawake!"

"Ndiyo, kaka, ndiyo kazi yangu," Msusi alijibu. "Nimeifanya vibaya tangu siku ya kwanza. Wewe ulikuwa unapita, mimi nafuta nyayo zako kwa kitana. Leo nimeacha."

Mama Pacha alikaa. Akainua uso kumtazama Spika kule juu ya pikapu.

"Jina nimekupa," alisema. "Unaweza kulitaja. Au acha, nitalitaja mwenyewe." Akavuta pumzi. "Mimi ni mke wa Kocha. Shemeji, nifunge nywele zangu nyuma."

Msusi hakuharakisha. Alizikusanya rasta zile moja baada ya nyingine, kwa upole uleule aliozisukia, akazirudisha nyuma, akazifunga. Uvimbe ulikuwa umegeuka rangi ya njano pembeni, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Uwanja ulinyamaza hata mtoto mchanga akasikika mahali fulani akinyonya.

Kisha mama muuza nyanya alinyanyua mikono yake kichwani. Akazirudisha zake nyuma. Pembeni yake mwingine. Na mwingine kule kwenye ngazi. Wapo waliokuwa hawana chochote cha kuonyesha, ni urembo tu, nao wakazifunga ili wenzao wasiwe peke yao.

"Hata na wewe?" mwanamume mmoja alimuuliza jirani yake, mwalimu wa shule aliyekuwa akifunga rasta zake.

"Hata na mimi," alisema mwalimu. "Funga mdomo, nzi wataingia."

Kocha aligeukia timu yake. "Haya, vijana! Panga mstari!"

Nahodha alivua kitambaa cha mkononi, akakiweka juu ya mpira, akakaa chini kwenye nyasi. Wenzake wakakaa. Timu ya wageni ilitazama, ikanong'onezana, nayo ikakaa.

Filimbi ilikuwa bado shingoni kwa Kocha, lakini haikuwa na wa kumwita. Alitoka uwanjani kwa lango la nyuma, na hakuna aliyempa mkono.

Mama Pacha aliondoka na Spika na mwalimu moja kwa moja mpaka dawati la jinsia, pale polisi. Aliongea mwenyewe. Spika, mwenye maneno yote yale, siku hiyo kazi yake ilikuwa kushika mkoba. Walipotoka, jalada limefunguliwa na Kocha ametumiwa wito, Msusi alikuwa anangoja nje, ameegemea pikapu.

"Ulisema ningoje," alisema.

"Ulichelewa."

"Nilichelewa. Ijumaa yote nilikuwa nakwenda kwa wateja wangu mlango kwa mlango. Nisingeweza kuleta kile kiti bila kuwauliza. Nilikuwa naogopa wataninyima hata salamu." Akameza mate. "Mmoja aliniambia, 'Tulikuwa tunangoja wewe ukatae kusuka.' Hilo nitakufa nalo."

"Hufi. Utasuka nalo."

"Bado unanitaka?"

"Nakutaka. Lakini sikiliza, ukichelewa tena sikungoji nje ya geti. Nitakutangaza."

"Kwa spika zote mbili?"

"Zote mbili."

Jumapili uwanja wa Bibi ulikuwa umefagiwa. Bibi alikaa kwenye kiti chake cha kamba, amejifunga khanga mpya, amekaza uso kama hakimu. Wageni wakaingia: Msusi ndani ya shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, na nyuma yake mama muuza nyanya, mwalimu na benchi zima la saluni.

"Karibuni," Bibi alisema. "Naona watu, simwoni msemaji. Upande wa bwana anasema nani?"

Mama Pacha alisogea mbele. Nywele zake zilikuwa nyuma.

"Mimi, Bibi. Kaka yake hayupo. Mimi ni shemeji yake."

Mjomba wa Spika akakohoa. "Tangu lini posa ikasemwa na mwanamke?"

"Tangu sasa hivi," Bibi alimjibu bila kumtazama. "Sema, mwanangu. Unamwombea huyu kijana. Unamdhamini kwa lipi?"

"Sina maneno mengi. Ninamjua nilipokuwa namficha kaka yake na nilipoacha kumficha. Alikosea pamoja na mimi, akaacha pamoja na mimi, mbele ya watu. Akianza tabia ya kaka yake, mimi ndiye nitakayekuja hapa kumrudisha mjukuu wako. Ufunguo bado ninao."

Bibi alitafuna maneno yale kama anayeonja chumvi.

"Kitendawili," alimwambia Msusi.

"Tega, Bibi."

"Nimekupa akiwa mzima, nikija kumtazama nataka nini?"

Msusi hakukimbilia jibu.

"Unataka kumkuta mzima, Bibi."

"Mnywesheni chai kijana huyu," Bibi alisema, na vigelegele vikapasuka mpaka kuku wakakimbia.

Watu walipokuwa wanakula na mjomba akiwa ameshapata mfupa wa kutafuna badala ya maneno, Spika alimvuta Msusi uani. Akageuza ndoo, akakaa juu yake, akafungua kilemba. Nusu ya kichwa ilikuwa bado imesimama tangu siku ile.

"Nimalizie. Siku zote hizi natembea kama nyumba iliyoezekwa upande mmoja."

Msusi alitoa kitana mfukoni. Akasimama nyuma yake, akazishika nywele, akaanza kuzirudisha nyuma, mstari mmoja, mwingine, paji la uso lote likibaki juani.

Hakuuliza upande.